Mwani wa kusafisha maji: nani atalipa?

Kwa zaidi ya miaka 30 mwani wa Unguja umeuzwa kwa kipimo kimoja tu, nacho ni kilo ya mzigo mkavu. Mkulima hupeleka gunia kwenye kituo cha ununuzi, karani hutazama kama limekauka na kama lina mchanga, hupima, kisha hulipa. Katika daftari la mnunuzi hakuna safu ya kuandika kazi ya pili ambayo mmea huo umeifanya ulipokuwa baharini, yaani kunyonya nitrojeni na fosforasi zilizomo majini.

Kazi hiyo ya pili sasa inazungumzwa kibiashara. Tangu Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilipounda Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi mwaka 2020, bahari imekuwa mahali pa kutafutia mtaji, na wazo la mashamba ya mimea inayoelea yatakayotoa mazao na papo hapo kusafisha maji linawavutia watu wenye akiba ndogo. Wazo hilo si la uongo. Sayansi yake imekwisha kujaribiwa hapa hapa Unguja. Kasoro iko kwenye hesabu.

Mmea unaosafisha maji vizuri siyo ule ambao wasafirishaji wananunua. Maji yaliyochafuka zaidi siyo yanayofaa kulimwa kitu cha kuliwa. Na yule anayefaidika na maji safi bado hajaanza kulipa. Mwenye fedha kidogo akiyasahau mambo hayo matatu, fedha yake itakwenda na maji. Akiyazingatia, ataona kwamba mahali pa kuanzia ni kwenye mlango wa bwawa la samaki, wala si kwenye bomba la maji taka la mjini.

SOKO LILIPOFIKIA

Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza Unguja mwaka 1989 katika pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Aina ni mbili: spinosum, inayovumilia zaidi, na kotoni, yenye bei kubwa. Zote hutakiwa kwa ajili ya karajini, utomvu unaogandisha na kuzitisha vitu kama dawa ya meno, maziwa ya viwandani na vipodozi.

Kilo ya spinosum kavu imekuwa ikiuzwa kwa mamia ya shilingi kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo, na kotoni kwa mara mbili au zaidi. Bahati mbaya kotoni ndiyo iliyoanza kufa Unguja tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, maji ya kina kifupi yalipozidi joto na ugonjwa wa kuweupe ukashika matawi. Mkulima wa Unguja amebaki na spinosum, na sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar siku hizi hutoka Pemba.

Mavuno ya visiwa vyote viwili yalipita tani 16,000 mwaka 2015, kisha yakateremka hadi chini ya tani 10,000 kufikia mwaka 2020. Wengi wa wakulima ni wanawake. Ndio wanaoingia majini bamvua linapokupwa, wakafunga mbegu kwenye kamba zilizotandazwa baina ya vigingi, wakarudi baada ya wiki kama sita kuvuna. Jambo lolote litakalobadilisha namna ya kulima mwani litawagusa wao kwanza, na kwa hiyo haifai kulijadili kama suala la mitambo na mtaji peke yake.

JARIBIO LA MAKOBA

Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yenye makao yake Unguja, ilifanya majaribio ya ufugaji mchanganyiko katika ghuba ya Makoba, kaskazini-magharibi ya kisiwa. Mabwawa ya samaki yalichimbwa mahali ambapo maji hujaa na kupwa yenyewe. Maji yanayotoka bwawani, yenye kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula, yakapitishwa kwenye mifereji iliyopandwa mwani kabla ya kurudi baharini.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2002 na Flower Msuya, mtafiti wa mwani wa taasisi hiyo, pamoja na mwenzake Amir Neori kutoka Israeli. Mimea miwili ilithibitika kuwa chujio zuri: Ulva reticulata, ule mwani wa kijani mwepesi kama jani la saladi, na Gracilaria crassa, wa jamii ya mwani mwekundu. Ilikua vizuri kwenye maji ya bwawa, ikapunguza amonia, na mwani wenyewe ukaongezeka protini kwa kuwa ulikuwa unakula mbolea ya bure.

Mfanyabiashara asome majina hayo mara mbili. Si spinosum, wala si kotoni. Ulva haina karajini. Msafirishaji wa Zanzibar hana haja nayo. Jamii ya Gracilaria hutoa agari, utomvu wa namna nyingine wenye wanunuzi wengine, na vituo vya ununuzi vya vijijini havikujengwa kwa ajili yake. Anayetaka kulima mimea ya kusafisha maji kwa kutegemea kwamba mnunuzi wa siku zote atalichukua gunia lake, ataachiwa gunia.

HESABU YA CHAKULA CHA SAMAKI

Hata hivyo, bwawa lina faida moja ambayo bahari ya wazi haina: kinachoingia kinaweza kupimwa. Chukua tani moja ya chakula cha samaki chenye protini asilimia 30. Ndani yake mna kilo 300 za protini, na katika protini hiyo kuna nitrojeni kama kilo 48. Kwa kawaida samaki hubakiza mwilini robo hadi theluthi tu ya nitrojeni aliyolishwa. Iliyobaki, kilo 32 hadi 36, huingia majini. Mfugaji amekwisha kuinunua nitrojeni hiyo kwa bei ya chakula cha samaki, ambacho ndicho gharama kubwa ya ufugaji, kisha anaimwaga.

Ulva iliyonona katika maji ya namna hiyo inaweza kuwa na nitrojeni asilimia 3 ya uzito wake mkavu. Kwa hiyo, kuzirudisha kilo 32 kunahitajika mwani mkavu wa karibu tani moja. Kanuni ya kukumbuka basi ni rahisi: kila tani ya chakula inayotupwa bwawani inadai tani moja ya mwani mkavu upande wa kutokea, na huo ukiwa mbichi ni tani kadhaa za kubeba. Hiyo ni iwapo mwani utakamata kila kitu, jambo ambalo halitokei. Usiku mmea hupunguza kazi, na maji yakipita kwa kasi hauwahi kunyonya.

Tani hiyo moja iuzwe wapi? Jibu la kwanza ni kwamba isiuzwe. Irudi kwenye chakula. Kila mkulima wa mwani anamjua tasi, samaki anayeingia shambani na kutafuna matawi mpaka kamba zikabaki tupu. Adui huyo wa shamba la mwani ni samaki mzuri wa kufugwa, anapendwa na walaji, na hula majani. Mwani wenye protini nyingi unaweza pia kuchanganywa kwa kiasi katika chakula cha kuku, na mabaki yaliyooshwa chumvi yakawa mbolea ya bustani. Hesabu ya faida hapa haitoki katika bei ya kilo nje ya nchi. Inatoka katika mifuko ya chakula ambayo mfugaji hakuinunua, na katika samaki ambao hawakufa kwa amonia.

Ndiyo maana mradi wa mwani wa kusafisha ukisimama peke yake, ukiwa na mwenyewe mbali na bwawa, ni mgumu kulipa. Ukiwa ni sehemu ya mradi wa samaki, unaweza kujilipia.

BANDARI SI SHAMBA

Upande wa Mji Mkongwe mambo ni mengine. Maji taka ya mji yamekuwa yakimwagwa baharini kwa mabomba bila ya kusafishwa kwa miongo mingi, mbele ya mji ambao mwaka 2000 uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Madhara yake yalionekana mapema. Mwaka 1995 jarida la Ambio lilichapisha utafiti uliofanywa Zanzibar ukionyesha kwamba fosforasi inayotokana na uchafu wa mji inapunguza mwani wa chokaa, ule unaougandisha mwamba na kuyashika matumbawe pamoja. Mwamba ukidhoofika, mvuvi wa karibu na mtembeza wageni wa Changuu na Chapwani wote wanaguswa mfukoni.

Je, mwani unaweza kuwa dawa? Hesabu iwekwe wazi. Tuseme nitrojeni ni asilimia 1 ya mwani mkavu wa kuuza. Tani 10,000, yaani zaidi ya mavuno ya mwaka mzima wa 2020 ya Unguja na Pemba, zingekuwa zimeondoa tani 100 za nitrojeni. Binadamu mmoja hutoa kiasi cha kilo 4 za nitrojeni kwa mwaka. Mavuno ya kiasi hicho basi yanalingana na kinachotolewa na watu 25,000. Sensa ya mwaka 2022 iliuhesabia Mkoa wa Mjini Magharibi watu wanaokaribia laki tisa.

Tena mwani huo haumo mbele ya mji. Uko Pemba na pwani ya mashariki ya Unguja. Kuuleta ukaelea baina ya Kizingo na Malindi kungemaanisha kuupanda katika njia ya meli, boti na majahazi, ndani ya maji yenye vijidudu vya kinyesi na mafuta ya vyombo. Mwani hauchagui. Unaponyonya nitrojeni hunyonya na madini mazito ikiwa yamo. Mzigo wa namna hiyo haufai kuliwa na mtu wala kulishwa mnyama, na ukichanganyika na mzigo wa Paje ghalani, unaweza kuharibu jina la mwani wote wa Zanzibar kwa mnunuzi mmoja tu atakayepima. Jina hilo limejengwa na wanawake kwa miaka zaidi ya 30. Halifai kuwekwa rehani kwa ajili ya mradi wa maonyesho.

Maji taka ya mji yanataka mabomba, mashimo ya kutulizia uchafu na mitambo ya kuusafisha, na hiyo ni kazi ya mamlaka za umma. Mimea inaweza kuja mwishoni, kumalizia kilichobaki baada ya usafishaji wa kwanza, na mavuno yake yawe ya mbolea au nishati tu.

FUNZO LA ZIWA VICTORIA

Anayedhani kwamba mmea ukishaota majini kazi imekwisha, aangalie bara. Gugumaji lilionekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Lilishibishwa na mbolea na maji taka ya miji na mashamba yanayolizunguka ziwa, na katikati ya miaka ya 1990 lilikuwa limefunga magati na mialo ya Kenya, Uganda na Tanzania. Kwa maana ya kikemia, gugumaji lilikuwa linasafisha ziwa. Lakini halikuvunwa. Lilikufa humo humo, likaoza, likarudisha majini kila lilichokuwa limekichukua na kuwanyima samaki hewa.

Kwa hiyo kinachosafisha maji ni mavuno. Jani likibaki majini likaoza, hakuna kilichoondoka. Katika mradi wowote wa mimea ya kuelea, gharama kubwa ni mikono, vyombo vya kubebea na mahali pa kuanikia, na mapato ya jani sharti yazibebe gharama hizo msimu hadi msimu, pamoja na miezi ya masika ambapo mwani hauanikiki vizuri.

KUELEA KUNA GHARAMA ZAKE

Kupeleka mwani kwenye maji ya kina, ukafungwa kwenye vyelezo na maboya au ndani ya nyavu za mfano wa bomba, kumejaribiwa Unguja kwa sababu nzuri: maji ya kina hayapati joto kama ya ufukweni, na kotoni inapata nafasi ya kuishi. Faida ya pili ni kwamba nyavu za bomba hushika matawi yasikatike kwa mawimbi.

Lakini vigingi na kamba mkulima aliweza kuvimudu kwa kujikusanya, wakati maboya, nanga na nyavu vinataka mtaji. Vinataka pia chombo cha kufikia shamba na watu wanaojua kuogelea, na wanawake wengi wa pwani hawakufundishwa kuogelea. Hapo ndipo hatari ya kijamii ilipo. Shamba likihama kutoka maji ya goti kwenda maji ya kina, mwenye chombo anaweza kuwa mwenye shamba, na yule aliyekuwa mkulima wa kujitegemea akawa kibarua wa kufunga mbegu ufukweni kwa ujira wa siku. Mwekezaji makini atadai tangu mwanzo kwamba ushirika wa wakulima uwe na hisa katika chombo na nyavu. Si kwa huruma tu. Shamba la baharini halina ukuta, na mlinzi wake wa kweli ni kijiji chenye faida nalo.

Liko pia suala la nafasi. Paje imeshuhudia mvutano baina ya mashamba ya mwani na watalii wanaoteleza majini kwa tiara. Vyelezo vya maji ya kina vitakutana na boti za utalii, nyavu za wavuvi na njia za ngalawa. Bila ya ruhusa ya serikali, maelewano na sheha na kamati ya wavuvi ya shehia, na ramani inayoonyesha shamba linaishia wapi, hakuna mali inayoweza kuitwa mali.

NANI ALIPE

Sasa kwenye kiini. Mwani ukisafisha maji, faida inakwenda kwa watu wengi: hoteli inayouza bahari ya buluu, mvuvi, mwenye bwawa la jirani. Aliyelima analipwa kwa jani tu. Katika soko huria huduma isiyolipwa hupungua, na hiyo ndiyo sababu mkulima hawezi kulaumiwa akiacha kupanda Ulva na kurudi kwenye spinosum.

Njia za kulipia huduma hiyo si za ajabu. Ya kwanza ni mwenye bwawa kulipa kikundi cha wakulima kwa mwezi, kwa kazi ya kupanda na kuvuna kwenye mfereji wake, mbali na bei ya jani. Ya pili ni mamlaka kuweka sharti kwamba kila anayepewa kibali cha bwawa kubwa la samaki aonyeshe maji yake ya kutoka yanapita wapi. Sharti kama hilo lingeitengenezea Ulva soko kwa siku moja, bila ya ruzuku hata shilingi.

Ya tatu ni hoteli. Ardhi ya mashariki na kaskazini ya Unguja ni jiwe la matumbawe lenye matundu. Kinachoingia katika mashimo ya hoteli hushuka na kufika ufukweni. Lakini mchango wa hoteli uende kwanza kwenye mashimo bora na mitambo midogo ya kusafishia maji. Kuwalipa wakulima ili wanyonye kinachovuja, huku bomba likiendelea kuvuja, ni kununua ruhusa ya kuchafua.

Kuna na wale wanaouza ahadi ya hewa ukaa, kwamba mwani utaleta fedha za kigeni kwa kunyonya kaboni. Mwani unaovunwa, ukasagwa, ukaingia kwenye dawa ya meno au chakula, huirudisha kaboni yake hewani baada ya muda mfupi. Anayeingiza mapato ya namna hiyo katika hesabu za mradi aombwe aonyeshe mkataba uliotiwa saini, na kama hanao, mstari huo ufutwe na faida ihesabiwe upya.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Mwenye akiba anayefuatwa ajiunge na mradi wa mimea ya kuelea ana haki ya kuuliza haya. Mmea gani unapandwa, na mnunuzi wake ni nani kwa jina? Maji yanayosafishwa yanatoka wapi, na yamepimwa vijidudu na madini? Nani analipa kwa usafi, kwa kiasi gani, kwa muda gani? Nani atavuna mwezi wa masika au ugonjwa ukiingia? Kibali ni cha nani, na wakulima wana hisa ngapi?

Mradi wenye majibu ya kuandikwa katika maswali yote matano unastahili kusikilizwa, hata kama ni bwawa moja dogo la tasi na mfereji wa hatua chache. Mradi wa ekari nyingi usio na majibu uachwe upite. Mali bila daftari hupotea bila habari, na baharini hupotea upesi zaidi.

Kwa upande wa wafanyabiashara wa mwani waliopo, hatua ya karibu ni kufungua ununuzi wa majaribio wa Ulva na Gracilaria kutoka kwenye maji yaliyopimwa, kwa bei iliyotangazwa kabla ya kupanda, mzigo ukiwekwa mbali na spinosum tangu ufukweni hadi ghalani. Mnunuzi wa kwanza atakayefanya hivyo atapata mzigo mdogo na matatizo mengi kwa msimu wa kwanza. Lakini atakuwa wa kwanza kujua gharama halisi ya kilo moja, na wenzake watalazimika kuinunua habari hiyo kwake.